Uliza Ujibiwe: Mapambo ya Krismasi kwa Gharama Ndogo

Barua nyingi za msimu huu zina lalamiko moja: mapambo yalitengenezwa, yakapendeza, na baada ya siku tatu yakawa sakafuni, yamelegea au yamebanduka rangi. Karibu kila mara chanzo ni gundi, unyevu au joto, wala mikono ya aliyetengeneza haina kosa. Tumechagua barua nane.

Sisi walimu wa Shule ya Jumapili tunapamba ukumbi wa mita 8 kwa 6. Kila mwaka tunabandika minyororo ya karatasi ukutani kwa selotepu, asubuhi tunaikuta chini. Tungependa pia kujua karatasi ngapi zinatosha, maana fedha inatoka mifukoni mwetu. (Mwalimu, Morogoro)

Selotepu haishiki kwenye chokaa, Mwalimu. Inashika ule unga mweupe wa juu tu, na mnyororo ukishaanza kuvuta, unga na selotepu vinabanduka pamoja. Uacheni ukuta. Vuteni kamba ya katani kutoka pembe moja ya ukumbi hadi pembe inayotazamana nayo, ikazeni kwenye misumari, kisha mnyororo mwufunge kwenye kamba hiyo kwa uzi kila baada ya mita moja. Mnyororo usio na kamba usizidi mita 3. Ukizidi hapo, pete za mwishoni hubeba uzito wote na kuchanika.

Hesabu yenu ni rahisi. Ukumbi wa 8 kwa 6, kutoka pembe hadi pembe ni mita 10 kamili. Kamba mbili zinazopishana katikati ni mita 20. Ongezeni 2 kwa sababu mnyororo hulegea kidogo kati ya fundo na fundo. Kateni karatasi ya A4 kwa upana wake, kila ukanda uwe na urefu wa sentimita 21 na upana wa sentimita 3; karatasi moja inatoa kanda 9. Mkipishanisha ncha kwa sentimita 2, pete inakuwa na kipenyo cha sentimita 6, na pete 18 hivi zinafika mita moja. Jumla ni pete 400, yaani karatasi 45. Mkiwa na watoto 40, kila mtoto atengeneze pete 10.

Gundi pikeni wenyewe. Koroga kikombe 1 cha unga wa ngano kwa kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, endelea kukoroga mpaka uji ugeuke kutoka weupe kuwa kama kioo chenye ukungu. Kijiko cha siki kinachelewesha kuvunda kwa siku mbili tatu. Pakeni kiasi kidogo tu. Ikizidi, manila inatoa rangi na pete inalegea. Karatasi za magazeti yanayong'aa hazinywi gundi hii hata kidogo, hizo mzibane kwa stepla.

Nilifinyanga nyota na malaika kwa unga na chumvi. Zilikauka vizuri kabisa, nikazipaka rangi. Wiki moja baadaye zilianza kutoa maji, mbili zikakatika tundu la uzi na kuanguka. Nilikosea kipimo? (Mama, Tanga)

Pengine kipimo chako hakina kasoro, mama. Shida ni Tanga. Chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani pale unyevu unapofika asilimia 75 hivi, na pwani yetu hufika hapo mara kwa mara, hasa usiku na alfajiri. Dodoma pambo lilelile lingekaa mpaka Pasaka. Kwa hiyo una njia tatu, na tutakwambia ipi tunaipenda.

Ya kwanza ni kuendelea na unga wa chumvi lakini kuuziba. Kipimo ni vikombe 2 vya unga wa ngano wa kawaida, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji robo tatu ya kikombe yanayotiwa kidogokidogo. Unga uliochanganywa bekingi pauda kiwandani usiuguse, utaumuka na sura ya malaika itapotea. Kanda dakika 10, sukuma kwa kifimbo cha chapati mpaka unene wa milimita 5, kata, kisha toboa tundu kwa mrija. Tundu liwe sentimita moja nzima kutoka ukingoni, na huenda ndipo zako mbili zilipokatikia. Usikaushe kwa moto mkali. Juu hukauka kwanza na kuwa gamba, maji ya ndani yakitaka kutoka yanavimbisha malengelenge na kupinda kingo. Asiye na oveni atie mchanga mkavu wa sentimita 3 kwenye sufuria kubwa, aweke sahani ya bati juu yake, afunike, na aache kwenye mkaa uliofifia saa 2 hadi 3, akigeuza kila baada ya nusu saa.

Kujua kama limekauka, liguse upande wa chini: likiwa na ubaridi kuliko lililo jirani, bado lina maji. Rangi inayopakwa kabla ya hapo ndiyo inayobanduka. Rangi ikikauka, paka vanishi mara mbili, mbele, nyuma, kwenye kingo, na ndani ya tundu la uzi kwa njiti ya kiberiti. Watu wengi hupaka mbele tu, na unyevu unaingilia nyuma.

Njia ya pili haina chumvi. Changanya kikombe 1 cha bekingi soda, nusu kikombe cha wanga wa mahindi na robo tatu kikombe cha maji, pika kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka uwe mzito kama viazi vilivyopondwa. Funika kwa kitambaa chenye unyevu upoe, kanda, kata. Unakauka wenyewe kivulini kwa siku moja au mbili na unabaki mweupe, hauhitaji rangi. Ni ghali zaidi, na usijaribu kubana matumizi kwa kutia magadi badala ya bekingi soda. Magadi ni makali na yatakuchubua mikono.

Tunayoipenda ni ya tatu: nyota za chelewa. Fagio moja la zamani linatoa nyota kadhaa, na hewa ya bahari hailifanyi chochote. Chagua chelewa kavu, zile za mbichi hunywea na fundo linalegea. Kata vipande 5 vya sentimita 20 kutoka upande mnene. Viunge ncha kwa ncha kwa uzi, viwe mlolongo mmoja wa vijiti vitano, kisha ukunje mlolongo: kijiti cha kwanza kipande juu, cha pili kishuke, cha tatu kipande kuelekea pembeni, cha nne kikate kati kwa mlalo, cha tano kirudi kwenye ncha uliyoanzia. Utaona vijiti vimepishana mahali 5. Funga kila makutano kwa uzi, vinginevyo nyota itapinda ukiitundika. Mwisho izungushie ukindu uliotiwa rangi ya mikeka, au uzi wa sufu. Ukindu ulowanishe kwanza, ukiwa mkavu unavunjika kwenye kona.

Jambo moja kuhusu zile za chumvi: usizitundike mbwa anapofika. Chumvi ya mapambo machache inatosha kumdhuru vibaya.

Hatuna uwezo wa kununua mti wa plastiki. Tunakata tawi la saipresi, lakini likifika tarehe 25 limekuwa la kahawia na majani yamejaa sakafuni. Na je, pamba juu ya mti ina ubaya gani? (Baba wa familia, Dodoma)

Ndugu, mnakata mapema na mnalitia kwenye mchanga mkavu. Tawi lililokatwa hujiziba kwa utomvu wake baada ya saa chache, na kuanzia hapo halinywi tena hata ukilimwagia pipa. Likifika nyumbani, kata tena sentimita 2 au 3 kutoka chini kwa msumeno na litie majini papo hapo.

Kwa tawi la mita moja na nusu tumia ndoo ya lita 20. Lisimamishe katikati, libane kwa nusu matofali pande tatu, jaza mchanga mpaka robo tatu, mwagia maji mpaka mchanga ulowe kabisa. Kila siku ongeza lita moja. Siku mbili za kwanza hunywa zaidi. Liweke mbali na dirisha la jua na feni. Kwa ukavu wa Dodoma, kata tarehe 18 au 20, wala si mwanzoni mwa mwezi. Walioko pwani hutumia mvinje kwa namna hiyohiyo, ingawa matawi yake ni laini na hayabebi kitu kizito kuliko karatasi. Tawi liwe la shambani kwako au kwa ruhusa ya mwenye mti. Msitu wa hifadhi una sheria zake na wala hausamehe sikukuu.

Anayetaka mti usiokauka kamwe anunue mche wa saipresi kwenye kitalu, aupambe ukiwa kwenye kopo, na Januari aupande uani. Apande mbali na nyumba, kwa sababu utarefuka kuipita paa mara kadhaa. Asiye na nafasi kabisa achore mti ukutani kwa kamba: msumari mmoja juu, mingine ikishuka kwa jozi kulia na kushoto, jozi ya chini ikiachana sentimita 90, kimo mita moja na nusu. Kamba ipite msumari hadi msumari kwa mshazari kutoka juu hadi chini. Mapambo yananing'inia kwenye kamba.

Pamba ina ubaya. Ikishika cheche inawaka yote kwa mkupuo, na chini yake kuna majani yenye utomvu na mara nyingi waya wa taa. Theluji Dodoma mwezi wa Desemba ni ya hiari. Mkiitaka, chovyeni ncha za majani kwenye rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa nusu kwa nusu, muache ikauke nje kabla ya kuingiza tawi ndani.

Fundi wa nguo jirani yangu hutupa magunia ya vipande vya kitenge. Nataka kutengeneza shada la mlangoni. Nilijaribu kwa waya mmoja, likawa yai badala ya duara. (Dada, Mombasa)

Waya mmoja hauwezi, dada. Chukua waya wa kufungia nondo, sokota nyuzi 3 pamoja, kisha zungushia kwenye sufuria yenye kipenyo cha sentimita 25 ili upate duara la kweli. Ncha zipishane sentimita 5 na zifungwe kwa koleo, ncha kali ziangalie ndani.

Kata vipande vya upana wa sentimita 2 na nusu na urefu wa sentimita 15. Duara hilo lina mzunguko wa sentimita 78, na kila sentimita hubeba vipande viwili, kwa hiyo andaa 160. Ndiyo, ni vingi, ndiyo maana shada hili ni kazi ya watu wawili watatu jioni moja wakipiga soga. Kila kipande pitisha chini ya waya, funga fundo moja, vuta, halafu sukuma kishikane na mwenzake. Ukiacha nafasi, waya utaonekana na vipande vitazunguka vikaangalia nyuma.

Kitenge kipya usikifue. Ule ugumu wa dukani ndio unaosimamisha ncha. Kama vipande ni vya nguo zilizochakaa, koroga vijiko 2 vya wanga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye lita moja ya maji yanayochemka, chovya vitambaa, anika, kisha ndipo ukate. Vile vya bitana vitelezi muache fundi avitupe, fundo lake hufunguka lenyewe. Rangi tatu zinatosha. Shada la rangi kumi na mbili kwa mbali huonekana kama tambara la kupigia deki.

Vipande vikubwa vikibaki, vifanye bendera za pembetatu, kitako sentimita 15 na kimo sentimita 20. Ukiacha sentimita 5 kati ya moja na nyingine, kamba ya mita 5 inakula 25.

Sisi kikundi cha vijana tunatengeneza maua ya chupa za plastiki tuuze Desemba. Rangi inabanduka wateja wakishika. (Kisumu)

Chupa hainywi rangi, na rangi ya maji hukaa juu yake kama ngozi tu. Osheni kwanza kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, maana mabaki ya soda yanazuia rangi na kuita sisimizi. Kisha chagueni kati ya mambo mawili: kukwaruza taratibu kwa msasa laini na kupaka rangi ya mafuta mara mbili, kila mara tabaka jembamba, au, na hili ni bora kwa biashara, kupaka upande wa ndani wa ua. Nje hubaki kioo kinachong'aa, na vidole vya mteja havigusi rangi.

Tumieni chupa za soda. Kitako chake kina miguu mitano kwa sababu kinahimili gesi, na miguu hiyo ndiyo petali zenu. Chupa nyingi za maji ni nyembamba mno na hubonyea. Kateni sentimita 3 kutoka chini. Ukingo uliokatwa ni mkali, kwa hiyo washeni pasi kwa moto wa kati, tandazeni karatasi ya kuokea juu yake, gusisheni ukingo kwa sekunde 2 au 3. Utajikunja ndani na kuwa laini. Mkipitiliza, ua lote linasinyaa. Tundu la uzi litobolewe kwa msumari wa moto, mkiwa nje penye upepo. Vipande vinavyobaki msivichome. Na msirudie yale mashada ya mifuko ya plastiki ya zamani: Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019.

Nusu ya taa zetu za kumeta zimezima. Tunaweza kuunga waya wenyewe? (Mwanza)

Kama zinachomekwa moja kwa moja ukutani, hapana. Taa hizo hupangwa kwa mafungu, waya ukikatika mahali pamoja fungu zima linazima. Kuunga kwa kusokota na selotepu kwenye umeme wa volti 230 ni kutega mtego sebuleni, hasa palipo na watoto. Fungu lililo hai litumieni kama halina waya ulio wazi; vinginevyo itupeni. Kwa mwaka huu nunueni za betri, ndizo pekee tunazopendekeza kwenye tawi bichi au karatasi. Zozote mtakazotumia, msizibane kwa stepla, msizipitishe juu ya bati au geti la chuma, na mzime mnapokwenda kulala.

Parokiani tunataka shada la Majilio lakini mishumaa ya zambarau haipatikani huku. (Katekista, Bukoba)

Tumieni mishumaa minne myeupe na mviringie utepe kwenye chombo inamosimama, kamwe si kwenye mishumaa yenyewe. Kwa desturi ya Kikatoliki, mitatu ni ya zambarau na mmoja wa pinki, unaowashwa Jumapili ya tatu. Shada lenyewe lilianzia kwa mchungaji Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyelitengeneza Hamburg mwaka 1839 kwa gurudumu la mkokoteni, mishumaa midogo ikiwa ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili za Majilio. Rangi hizo zilikuja baadaye, kwa hiyo msione haya kutumia myeupe.

Msingi uwe sinia au chungu kipana chenye mchanga wa sentimita 4. Mshumaa wa sentimita 20 uzame sentimita hizo 4 zote mchangani. Majani mabichi yawe mafupi, yabaki chini ya nusu ya mshumaa mfupi kuliko yote, na mbadilishe kila Jumamosi. Kumbukeni mshumaa wa kwanza unawaka Jumapili zote nne. Wa nne ukiwashwa, wa kwanza utakuwa kisiki, na hapo ndipo majani makavu hushika moto. Kama ibada zenu ni ndefu, wekeni akiba ya mshumaa wa kubadilisha.

Maputo hupasuka kabla ya wageni kufika. (Msomaji, Kigoma)

Unayajaza asubuhi yakiwa yamekaza. Hewa ikipata joto la mchana inatanuka na mpira hauna pa kwenda. Jaza robo tatu, jioni, na usiyafunge karibu na balbu wala chini ya bati lisilo na dari.